Mpira wa manyoya: namna ya kuushona na kuushindilia kama jikoni kwa Allan Robertson

Kikundi kinachoandaa igizo la familia ya Morris wa St Andrews, baba Tom na mwanawe Tommy, wachezaji gofu wa karne ya 19, kinaweza kukwama kwenye kitu kidogo kuliko vyote: mpira. Fimbo za zamani seremala mzuri atazichonga. Makoti ya sufu na kofia vinaazimwa. Lakini mpira wa dukani wenye vishimo vishimo ukionekana mkononi mwa Tom Morris katika onyesho la mwaka 1840, mtazamaji anayeujua mchezo hatakuwa tena na habari ya igizo. Wakati ule mpira wa gofu ulikuwa kifuko cha ngozi kilichoshonwa kwa mkono na kushindiliwa manyoya ya ndege hadi ukawa mgumu kama kokwa la embe. Unatengenezeka nyumbani kwa zana chache. Unachohitaji hasa ni subira na kifua kizima.

Kwanza, igizo lako ni la mwaka gani?

Tom alizaliwa mwaka 1821 katika mji wa St Andrews, Scotland, baba yake akiwa mfumaji wa nguo. Ujanani alipelekwa kujifunza kazi kwa Allan Robertson, mchezaji aliyesifiwa kuliko wote wa zama zake na fundi wa mipira. Kwa akina Robertson kazi hiyo ilikuwa ya ukoo: baba yake Allan, David, aliifanya, na babu yake pia. Karakana yenyewe ilikuwa jiko la nyumbani. Jiko hilo lilitoa mipira 2,456 mwaka 1844. Ukikumbuka kwamba fundi hodari alimaliza mitatu au minne kwa siku, utaona watu hao hawakuwa na muda wa kukaa.

Mwaka 1848 ukaingia mpira mwingine, wa gutapercha, yaani utomvu mgumu wa mti unaoota Malaya. Wa manyoya uliosifika uliuzwa hata shilingi 2 na peni 6. Wa gutapercha ulipatikana kwa shilingi moja hivi. Robertson aliuona kama mwizi aliyeingia jikoni mwake. Tom alipokutwa uwanjani akiucheza, wakagombana na kila mmoja akashika njia yake. Mwaka 1851 Tom alihamia Prestwick, pwani ya magharibi, pamoja na mkewe Agnes na mtoto mchanga, Tommy, aliyezaliwa Aprili mwaka huohuo.

Kwa mpanga vifaa vya jukwaani maana yake ni hii: mpira wa manyoya ni wa baba, wa gutapercha ni wa mwana. Mashindano ya kwanza ya gofu yaitwayo Open, Oktoba 1860 huko Prestwick, yalichezwa kwa gutapercha. Ukimpa Tommy mpira wa manyoya katika ubingwa wake wa kwanza wa 1868, umekosea kwa miaka ishirini. Maelezo mengi hapa ni ya mpira wa baba kwa sababu ndio wenye kazi. Wa mwana unafuata mwishoni kwa ufupi.

Kinachoufanya uwe mgumu

Anayewamba ngoma anaijua nusu ya siri. Ngozi hutandazwa ikiwa mbichi na laini, ikikauka husinyaa, ikajikaza yenyewe kuliko mkono wowote ungeweza kuivuta. Mpira wa manyoya hutumia nguvu hiyo na kuongeza ya pili inayopingana nayo: manyoya hujazwa yakiwa yamelowa na kushikamana, na yakikauka hutanuka. Ganda linabana kuelekea ndani, manyoya yanasukuma kuelekea nje, na katikati ya ugomvi huo ndimo ugumu unamozaliwa.

Kila kosa utakalolifanya litarudi hapa. Ngozi isiyosinyaa, manyoya makavu, mshono unaoachia kabla ugomvi haujaisha: kimojawapo kikitokea, mpira unabaki kama kifuko cha kuchomekea pini.

Ngozi

Mafundi wa Scotland walitumia ngozi ya fahali iliyotiwa shabu, lile jiwe jeupe ambalo kinyozi humpaka mteja baada ya kumnyoa. Shabu huifanya ngozi kuwa nyeupe na nyumbufu bila kuiondolea tabia ya kusinyaa.

Ngozi ya viatu ya siku hizi iliyolainishwa kwa kromu haifai. Inapendeza mkononi, inashoneka vizuri, na ikikauka inabaki laini vilevile. Iliyolainishwa kwa magome ya miti inakubali kwa shida: hukauka ikawa ngumu kiasi, lakini rangi yake ya kahawia huchomoza chini ya rangi nyeupe. Iliyo bora ni ngozi mbichi iliyokwisha kuondolewa nywele, na mtu wa kumwendea ni mtengeneza ngoma. Mwombe vipande vya mgongoni. Ya tumboni huvutika upande mmoja kuliko mwingine, na mpira utatoka kama yai.

Unene unaotakiwa ni milimita 1.5 hivi. Ikiwa nene zaidi, iparure upande wa nyama kwa kisu kikali ikiwa mbichi. Ya mbuzi ina unene unaofaa bila kuparuliwa na inavutia kwa hilo, ila mashimo ya sindano hupanuka ukianza kushindilia. Ni afadhali kuparua ya ng'ombe.

Kwa kilo 1 ya ngozi iliyoloweshwa, yeyusha gramu 100 za shabu na gramu 50 za chumvi katika lita 3 za maji ya uvuguvugu, yaache yapoe, ndipo uitumbukize. Maji ya moto huiharibu ngozi mbichi papo hapo: hujikunja na kuwa kama mpira wa tairi. Igeuzegeuze mara kadhaa kwa siku. Siku ya tatu kata kona ndogo utazame. Weupe ukiwa umefika katikati, itoe, ikamue bila kuisuuza, iache inywee hadi iwe na unyevunyevu tu. Usiisuuze kabisa, kwa sababu shabu hutoka na maji. Jambo hilihili ndilo litakaloutesa mpira siku ya mvua.

Manyoya

Bata bukini ndiye bora, na ya kifuani ndiyo yanayotakiwa. Ya kuku yalitumika pia. Chambua na kutupa kila nyoya lenye shina gumu, maana shina moja likisimama ndani litatoboa mshono au litaacha uvimbe usioisha hata kwa nyundo.

Kipimo cha zamani kilikuwa kofia moja ndefu ya bwana, imejazwa hadi ukingoni, kwa mpira mmoja. Mtu asiyeijua kazi hii hacheki kofia. Hucheka akiambiwa kwamba yote hayo yanaingia kwenye kitu kinachofichika kiganjani. Usiyapime kwa macho. Tenga gramu 40 za manyoya makavu kwa kila mpira, yatakayobaki, yabaki.

Yachemshe dakika 15 na sabuni kidogo ili mafuta yatoke, yasuuze, yakamue kwa mikono. Yawe yamelowa bila kudondosha maji. Yakiwa makavu yatapepea chumba kizima na kukuingia puani. Waliofanya kazi hii kila siku walilipa kwa vifua vyao, kwa hiyo unapochambua yale makavu, vaa barakoa.

Kukata na kushona ganda

Vipande ni vitatu: ukanda wa katikati na vifuniko viwili vya mviringo. Kwa mpira wa kipenyo cha milimita 40 hivi, kata kiolezo cha karatasi ngumu hivi: ukanda wa urefu wa milimita 122 na upana wa 31, na vifuniko vya kipenyo cha 41. Katika vipimo hivyo kuna milimita 2 za kushonea kila upande. Shona ganda moja la majaribio, lijaze, ulipime, kisha urekebishe kiolezo. Ngozi mbili za ng'ombe wawili hazivutiki sawa.

Uzi uwe wa kitani, imara, uliovutwa juu ya nta ya nyuki mara tatu au nne. Nta huuzuia kuteleza na kuoza. Wa nailoni una nguvu lakini hukata ngozi iliyolowa kama waya unavyokata sabuni.

Toboa matundu kwanza kwa maharazi membamba, tundu moja kila milimita 2, katika mstari ulio milimita 2 kutoka ukingoni. Usikaribie ukingo zaidi ya hapo. Unganisha ncha mbili za ukanda ziwe pete, kisha shona kifuniko kimoja kuzunguka pete hiyo, na cha pili upande wa pili. Tumia sindano mbili kwenye uzi mmoja, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto katika tundu lilelile, kama washona matandiko ya punda na farasi. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wa namna hiyo haufumuki wote. Wa cherehani ukikatika, jioni yako imeisha.

Ushonaji wote hufanywa ganda likiwa nje-ndani, upande laini uliokuwa na nywele ukielekea ndani. Kwenye kifuniko cha pili acha sehemu bila kushona. Mafundi wa zamani waliacha robo inchi, kadiri ya milimita 6. Anayeanza aache 10, asione haya.

Sasa ligeuze. Lilowanishe tena kwa dakika chache katika maji yenye shabu, ingiza kiwaya kilichopindwa ncha, shika kifuniko cha upande wa pili kwa ndani, ukivute taratibu kupitia tundu huku kidole gumba kikisukuma kutoka nje. Ngozi ikikataa, usitumie nguvu, ilowanishe tena. Mahali pa hatari ni pembe mbili za tundu. Kabla ya kugeuza, weka mshono mmoja wa ziada kwenye kila pembe.

Likishageuka utashika kitu kilichonyong'onyea kama soksi ya mtoto. Ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Kushindilia

Hapa ndipo mpira unapopatikana au kupotea, na hapa usiharakishe.

Chonga kishimo cha nusu mviringo kwenye gogo la mbao ngumu, kipenyo cha milimita 42, ganda likae ndani tundu likitazama juu. Kulishika ganda kwa mkono ni kutafuta jeraha: chuma kikiteleza kinaingia kiganjani. Zana za kushindilia ni mbili. Ya kwanza ni kijiti cha mbao chenye ncha butu, unene wa penseli. Ya pili ni chuma cha urefu wa sentimita 45 hivi, chembamba kiasi cha kupita kwenye tundu, ncha yake ikiwa imesuguliwa ikawa laini kabisa, na mwisho wa juu kikiwa na kipande cha mbao kilichokaa kama herufi T. Kipande hicho huwekwa kifuani. Fundi aliinama juu ya mpira na kusukuma kwa uzito wa mwili wote, kwa kuwa mkono peke yake hautoshi. Ukitaka mwigizaji wa Tom aonekane fundi wa kweli, mfundishe mkao huo tu: miguu imetanuka, kifua juu ya mti, pumzi ikitoka kila anaposukuma.

Anza na kijiti. Ingiza kibonge kidogo cha manyoya, ukubwa wa kunde, ukisukume hadi kwenye ukuta wa ganda, si katikati. Geuza ganda robo duara, ingiza kingine. Zunguka hivyo hadi ukuta wote uwe na tabaka moja, ndipo uanze katikati. Wanaojaza katikati kwanza huishia na kiini kigumu kilichozungukwa na ulaini, na hakuna njia ya kurudi isipokuwa kufumua.

Kijiti kikianza kurudishwa nyuma na manyoya, hamia kwenye chuma. Utadhani mpira umejaa. Haujajaa, umefika nusu. Sukuma chuma katikati, kizungushe kidogo ili kitoboe nafasi, kitoe, ziba nafasi hiyo kwa kibonge kipya kabla haijajifunga. Rudia. Kila baada ya vibonge kumi hivi utoe mpira kwenye kishimo, uviringishe juu ya meza kwa kiganja, utafute palipo laini kwa kidole gumba. Ukipapata, peleka ncha ya chuma upande huo.

Mambo matatu huharibika katika hatua hii. Ngozi ikikauka juu huku ndani ungali unajaza, hukakamaa na kukataa kuvutika. Ipake maji kwa kitambaa. Ikilowa mno, matundu ya sindano hupanuka na uzi kuanza kuonekana kama meno. Acha nusu saa, kisha endelea. La tatu ni tamaa ya kubandika vibonge vikubwa ili kumaliza haraka. Kibonge kikubwa hukwama shingoni mwa tundu, ukakisukuma kwa nguvu, na pembe ya tundu ikachanika. Ganda lililochanika halishoneki tena, litumie kufundishia.

Umejua umefika pale chuma, kwa uzito wa kifua chako, kinapoingia milimita chache tu na kusimama, na kidole gumba hakiachi alama popote. Mpira wa kwanza huchukua asubuhi nzima. Wengi huacha mapema kwa sababu mikono imechoka, nao hupata mpira unaoonekana sawa jukwaani lakini usiodunda.

Kufunga, kupiga nyundo, kukausha

Funga tundu kwa mishono miwili au mitatu kutoka nje, sindano iliyopinda, huku mwenzako akibana midomo ya tundu kwa koleo lililofungwa kitambaa. Huu ndio mshono pekee utakaoonekana nje, na ndio udhaifu wa mpira. Mficho wake mzuri ni kuuzamisha: kaza, funga fundo, kata, kisha lisukume fundo ndani kwa maharazi.

Ngozi ikiwa bado mbichi, uweke mpira kwenye kishimo cha gogo na uupige kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, ukiugeuza kila pigo moja au mawili. Mapigo yawe mengi na mepesi. Unachotaka ni kulaza mishono na kusawazisha matuta. Kupiga kwa hasira hupasua.

Kisha uache. Weka juu ya wavu mahali pa kivuli penye upepo, ugeuze mara mbili kwa siku, siku tatu au nne. Juani ngozi hukauka kabla ya manyoya, hivyo nje hukakamaa na kupasuka huku ndani kungali kubichi. Baadaye manyoya huvunda, na harufu hiyo hutaisahau. Ukiwa pwani wakati wa masika, subiri mvua ziishe au utumie chumba chenye moto mdogo. Scotland nayo si nchi ya jua, na karakana kuwa jikoni, karibu na moto, kulikuwa na faida yake.

Siku ya pili uupige tena nyundo kidogo. Siku ya mwisho uugonge mezani. Mlio uwe mkavu kama wa mbao. Ukisikika mzito, maji yangalimo.

Rangi na namba

Mafundi wa zamani walipaka rangi nyeupe ya risasi. Wewe usiitumie: ni sumu, na waigizaji hushika mpira kisha wakashika chakula. Rangi nyeupe ya mafuta isiyo na risasi inatosha. Paka mara tatu, ukiacha kila koti likauke siku nzima au mbili. Koti la kwanza liwe jepesi ili liingie kwenye mishono, maana kazi ya rangi si urembo tu, ni kuziba njia ya maji. Koti nene la mara moja hupasuka kwa pigo la kwanza na kubanduka kama chokaa ya ukuta wenye unyevu.

Halafu upime. Uzito wa mipira hiyo ulihesabiwa kwa dramu. Dramu moja ni gramu 1.77. Mipira mingi ilikuwa kati ya dramu 26 na 30, yaani gramu 46 hadi 53. Gawanya gramu zako kwa 1.77, uandike namba kwa wino juu ya rangi. Mpira wa gramu 48 ni namba 27. Juu ya namba hukaa jina la fundi. Robertson alipiga mhuri wa jina lake la kwanza, ALLAN. Kwa igizo unaweza kuiga mhuri huo, lakini usiuuze mpira wenye jina hilo wala kumpa mtu bila kumwambia ni wa kuigiza. Mipira halisi ya Robertson ni mali ya wakusanyaji, na wadanganyifu wapo.

Wako ukitoka na gramu 35, usisikitike sana. Maana yake ni kwamba ulishindilia pungufu, na jukwaani hakuna atakayejua. Uwanjani kila mtu atajua.

Kuucheza

Ukitaka kuona unavyoruka, tumia fimbo yenye kichwa cha mbao. Fimbo ya chuma huchana ngozi, na ndiyo sababu mojawapo ya watu wa wakati ule kubeba za mbao kwa wingi na za chuma chache, za kutokea kwenye mashimo ya mchanga au kwenye mapito ya magurudumu. Usichomeke kijiti cha kuwekea mpira. Vijiti hivyo ni vya baadaye sana. Chota mchanga uliolowa kidogo, ufinyange kichuguu kidogo juu ya nyasi, uweke mpira hapo. Mwigizaji anayepiga magoti kufinyanga mchanga ameshaueleza mwaka bila kutamka neno.

Tegemea mita 140 hadi 160 kwa pigo zuri. Mwaka 1836, Samuel Messieux, mwalimu wa Kifaransa huko St Andrews, aliupeleka yadi 361, kama mita 330. Siku hiyo upepo ulikuwa mgongoni na ardhi imeganda kwa baridi, kwa hiyo usimwahidi mtu kitu kama hicho.

Mvua ikinyesha, acha. Mpira hunywa maji, huwa mzito, shabu huanza kutoka, mishono inalegea, na mara unaona manyoya yakipepea badala ya mpira. Hata siku kavu mchezaji aliweza kuharibu zaidi ya mmoja katika raundi. Zidisha bei ya mpira mmoja kwa mwaka mzima utaelewa kwa nini gofu ya wakati huo ilikuwa ya wenye fedha, na kwa nini mpira wa shilingi moja ulipokuja hapakuwa na mabishano marefu, isipokuwa jikoni kwa Robertson. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Naye hatimaye alikubali, akatengeneza mipira ya gutapercha pia, na mwaka 1858, mwaka mmoja kabla hajafa, alizunguka uwanja wa St Andrews kwa mapigo 79.

Mpira wa mwana

Ukipata gutapercha halisi, ilainishe katika maji ya moto, chini kidogo ya kuchemka, hadi ifinyangike kama ugali uliopoa. Lowanisha mikono, viringisha tonge la gramu 46 kati ya viganja, kisha tumbukiza kwenye maji baridi ukiendelea kulizungusha ili lisikae bapa upande mmoja. Halisi ikikosekana, tumia ile plastiki nyeupe ya punje inayolainika kwenye maji ya nyuzi 60. Inafinyangwa vivyo hivyo. Shughuli yote ni dakika kumi. Baada ya asubuhi nzima na chuma kifuani, hutahitaji kuelezwa Robertson alichukia nini.

Usiuache uso wake ukiwa laini bila alama. Mipira ya mwanzo ya gutapercha iliyokuwa laini iliruka kidogo na kuzama ghafla, na wachezaji waligundua kwamba ikishachubuliwa na fimbo huruka vizuri zaidi. Ndipo mafundi wakaanza kuichora kabla ya kuiuza. Tumia ncha butu ya nyundo nyembamba, piga alama fupi fupi kuzunguka mpira wote, mstari kwa mstari, ukiwa umeshapoa lakini haujawa mgumu kabisa. Kisha rangi nyeupe, makoti mawili.

Wenye alama hizo ndio wa kumpa Tommy kwa maonyesho yote: kwa ubingwa wa 1868 akiwa na miaka 17, kwa ule wa 1870 ambapo shimo la kwanza la Prestwick lenye yadi 578 alilimaliza kwa mapigo matatu, na kwa mechi ya Septemba 1875 huko North Berwick, siku aliyocheza pamoja na baba yake dhidi ya ndugu wawili wa ukoo wa Park, na simu ya maandishi ikaja kuhusu mkewe aliyekuwa akijifungua. Katika onyesho hilo la mwisho mipira iwe michafu na yenye michubuko, maana ni mwisho wa mechi. Isugue kwa mchanga na majani mabichi saa moja kabla ya kuanza, si siku iliyotangulia. Rangi ya majani hugeuka kahawia ikilala.

Ile ya manyoya, kati ya onyesho moja na jingine, iweke kwenye boksi la mbao lenye upenyo wa hewa, usiifungie kwenye mfuko wa plastiki. Mshono wa tundu ukianza kuachia, usiubandike gundi. Fumua mishono hiyo miwili au mitatu tu, lowanisha midomo ya tundu kwa kitambaa, ongeza kibonge kimoja au viwili kwa chuma, funga upya, ukaushe siku mbili, kisha pitisha rangi mahali hapo peke yake.